Mkono, Udongo na Moto: Majaribio ya Mfinyanzi Asiye na Gurudumu

Ndovu wa Tsavo ni wekundu. Abiria wa treni ya Mombasa kwenda Nairobi huwaona dirishani karibu na Voi na wengine hudhani ni ndovu wa aina yao peke yao, kumbe ni hao hao wa kijivu, ila wamejirushia vumbi na kugaagaa matopeni. Wekundu wenyewe ni wa chuma, kutu iliyobaki ardhini baada ya miamba ya kale kumomonyoka. Kutu hiyo hiyo ndiyo inayofanya chungu kitoke motoni kikiwa chekundu. Anayetaka kuzungumza juu ya ufinyanzi, basi, hana haja ya kwenda mbali na stesheni ya Voi.

Si kwamba kila udongo mwekundu unafaa. Ule wa barabarani umejaa mchanga. Ukikandwa unakubali, ukikunjwa unakatika. Udongo wa mfinyanzi hasa hutafutwa mabondeni, kandokando ya mito na kwenye madimbwi ya msimu, mahali maji yalipotulia yakaacha chembe ndogo kuliko zote, zisizofika hata milimita 0.002. Chembe hizo zina umbo la vibapa. Maji yakiingia kati yake, kibapa kimoja huteleza juu ya kingine bila kuachana nacho, na ndiyo maana udongo hukubali kufinywa kisha ukabaki ulivyofinywa. Kipimo chake ni cha zamani na hakihitaji maabara: tonge la udongo husokotwa likawa kamba ya unene wa kidole, kisha kamba ikazungushwa kwenye kidole chenyewe. Isipopasuka, kazi inaweza kuanza.

Mhadhara huu unahusu kazi hiyo, na hasa majaribio ndani yake: mbinu za kufinyanga kwa mkono, bila gurudumu, na namna zinavyobadilishwa. Neno “majaribio” limezoeleka kutajwa pamoja na majumba ya sanaa ya London na New York. Husemwa kana kwamba mwanamke wa kijijini anayefinyanga nyungu anarudia tu alichorithi, na msanii wa mjini ndiye anayebuni. Ufinyanzi wa Afrika Mashariki, ukitazamwa kwa karibu, haukubaliani na mgawanyo huo.

Chungu kinachoanzia mdomoni

Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha taarifa ya vigae vilivyochimbuliwa Kwale, kaunti jirani ya Taita Taveta. Ni vigae vya karne za mwanzo baada ya Kristo, kazi ya watu waliojua kuyeyusha chuma. Vya namna hiyo vimeonekana pia Upare na Usambara, ng’ambo ya mpaka wa Taveta. Aliyevifinyanga hakuacha ukingo wa chungu ukiwa mviringo mtupu. Aliubapaza kwa mikato iliyofuatana, kisha akachora mistari chini yake. Hakuna chakula kinachoiva upesi kwa sababu ya mikato hiyo. Mtu aliona ukingo laini, akajiuliza ungekuwaje ukipigwa bapa, akajaribu.

Upare wenyewe uliendelea kuwa nchi ya vyungu. Wachaga wa Kilimanjaro, waliokuwa na ndizi na pombe ya kutosha lakini hawana desturi kubwa ya kufinyanga, walivipata vyombo vyao masokoni kutoka kwa Wapare na Wakahe. Upande wa pili wa Voi, kuelekea Mtito Andei na Kitui, wafinyanzi ni Wakamba, na mbinu yao inastahili kutazamwa hatua kwa hatua.

Wengi hudhani chungu hujengwa kama nyumba, kuanzia chini kwenda juu. Mfinyanzi wa Kikamba, kama yule wa Kikikuyu, huanzia juu. Hutengeneza kwanza pete ya udongo, akaivuta kwa vidole ikawa mabega na shingo, akaumaliza mdomo na kuulainisha kabisa. Kisha huacha. Nusu hiyo ya juu hukauka kiasi, mpaka ikawa haibonyei lakini bado ina unyevu. Ndipo huipindua, mdomo ukakaa chini, akaanza kuupandisha udongo wa tumbo na kuuvutia ndani kidogo kidogo hadi tundu linabaki dogo kama sarafu. Tundu hilo huzibwa mwisho, na hapo ndipo kitako kinapozaliwa. Faida yake ni wazi kwa yeyote aliyewahi kuona chungu kibichi kikilala kwa uzito wake: sehemu iliyokwisha kukaza ndiyo inayobeba ile laini. Kitako nacho, kwa kuwa hakikukalia ubao, hutoka mviringo kama yai.

Uviringo huo una sababu yake. Chungu kikiwekwa juu ya mafiga, moto hukipiga chini kwa nguvu kuliko juu, na udongo hutanuka pale ulipopigwa. Kikiwa na kona, mkazo hukusanyika kwenye kona na ufa huanzia hapo. Kikiwa mviringo, mkazo hutawanyika. Changarawe na mchanga unaochanganywa kwenye udongo husaidia kazi hiyo hiyo, kwa maana ufa mdogo ukikutana na punje ngumu husimama au hugeuka njia. Hakuna aliyeandika kanuni hizi ukutani. Zimepatikana kwa vyungu vilivyopasuka, na kwa watu waliokumbuka kilichopasuka kilichanganywa na nini.

Tena walitia sahihi. Wafinyanzi wa Kikamba wana desturi ya kuweka alama kwenye chungu, mikwaruzo au vitone vichache, kila mfinyanzi na yake. Sokoni mnunuzi aliyeridhika, au aliyekasirika, alijua amtafute nani.

Kwa Waluo, mtafiti Ingrid Herbich alieleza katika miaka ya 1980 jinsi ufundi ulivyopita kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mke wa mwana, si kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Binti aliondoka nyumbani na macho yaliyokwisha kuona kazi moja, akafika ukweni kujifunza nyingine. Mahali pa namna hiyo haiwezekani mkono usijaribu.

Kutoka Nairobi hadi Abuja ya zamani

Mkenya anayejulikana kuliko wote katika sanaa hii ni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alisoma India na Kenya, akaanza na usanii wa matangazo ya biashara, na mwaka 1971 akaenda Uingereza. Udongo ulimkuta huko. Lakini alipotaka kujifunza kwa dhati kuufinya, hakubaki Uingereza. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Nijeria, kwenye kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Aliyemkuta hapo ni Ladi Kwali, mama ambaye picha yake sasa imo kwenye noti ya naira 20. Ladi Kwali alifinyanga mitungi mikubwa kwa kamba za udongo, akizunguka mwenyewe kukizunguka chombo, kinyumenyume, mkono ukiwa ukutani mwa mtungi. Gurudumu lilikuwa ni miguu yake. Jaribio lake lilikuwa kubwa kuliko wengi wanavyokumbuka: alichukua umbo la mtungi wa kijijini, ambalo kwa kawaida huchomwa kwa moto wa wazi, akalipaka dawa inayoyeyuka ikawa kama kioo, kisha akalichoma kwenye tanuri kali, joto likipita nyuzi 1,200. Mtungi ukawa wa zamani kwa umbo na mgeni kwa ngozi.

Odundo alikwenda pia New Mexico, Marekani, kuwatazama wafinyanzi wa kijiji cha San Ildefonso. Huko Maria Martinez na mumewe Julian walikuwa wamepata, karibu na mwaka 1920, namna ya kutoa vyombo vyeusi vyenye michoro myeusi, kwa kuufunika moto kwa samadi ili moshi usitoke. Kilichowachochea ni vigae vya kale vilivyofukuliwa na wanaakiolojia karibu na kwao. Waliviona, wakajiuliza vilichomwaje, wakaanza kuchoma na kukosea.

Huko Uingereza alisoma chuo cha Farnham, kisha Royal College of Art kati ya 1979 na 1982. Tangu hapo mbinu yake haijahama sana. Hupandisha kuta kwa mkono, kamba juu ya kamba, huzikwangua kwa kipande cha kibuyu mpaka zikawa nyembamba, hupaka uji mwembamba wa udongo laini, kisha husugua mpaka uso ukang’aa bila dawa ya kioo. Chombo huchomwa mara ya kwanza kwa moto wenye hewa, kikatoka rangi ya machungwa iliyoiva. Kikitakiwa cheusi hurudishwa motoni, safari hii kimefungiwa pamoja na vipande vya mbao, hewa ikiwa imenyimwa njia. Vyombo vyake vina shingo ndefu, matumbo yanayoinama upande mmoja, vichuchu vidogo begani. Mtu huona mwili kabla hajaona mtungi. Mwaka 2019 vilionyeshwa kwenye jumba la Hepworth Wakefield pamoja na vitu vya kale alivyovichagua mwenyewe, mwaka 2018 alifanywa mkuu wa heshima wa University for the Creative Arts, na mwaka 2020 alipewa cheo cha Dame.

Kwa anayefuatilia mbinu, njia ya safari hiyo ina maana kuliko vyeo. Msanii wa Kenya alifika kwenye kilele cha sanaa ya kisasa kwa kuketi karibu na akina mama wanaofinyanga kwa mkono, akitazama.

Wapo wengine waliokwenda mbali zaidi na umbo la mtungi. Leilah Babirye, Mganda anayeishi New York, hufinyanga vichwa na nyuso kubwa, akavipaka dawa ya kioo inayotiririka, kisha akavivisha minyororo ya baiskeli na vyuma vilivyotupwa. Msanii Wangechi Mutu huchanganya udongo mwekundu na karatasi iliyorojwa na gundi ya mbao, akajenga miili isiyopita motoni kabisa. Hapo mpaka kati ya ufinyanzi na uchongaji umefutika, na ndivyo walivyotaka.

Katani, karatasi na unga wa vigae

Taita Taveta inajulikana zaidi kwa vikapu kuliko kwa vyungu, na vikapu hivyo ni vya katani. Mashamba ya katani ya Voi na Mwatate yanaonekana kutoka barabarani, safu kwa safu, mpaka macho yachoke. Baada ya jani kusagwa na nyuzi ndefu kuchambuliwa, nyuzi fupi hubaki kama takataka. Kwa mfinyanzi anayejaribu, hizo si takataka.

Kutia nyuzi kwenye udongo si jambo jipya; samadi na makapi vimetumika tangu zamani. Katika miaka ya 1990 msanii wa Marekani Rosette Gault alieneza matumizi ya karatasi iliyolowekwa na kurojwa. Karatasi ni nyuzi za mimea, na nyuzi hufanya mambo mawili. Kwanza, huushikilia ukuta mbichi usilale, hivyo mtu anaweza kusimamisha bapa jembamba ambalo kwa kawaida lingeanguka. Pili, huvuta maji na kuyasambaza, kiasi kwamba kipande kikavu kinaweza kuunganishwa na kibichi na ufa ukazibwa hata baada ya chombo kukauka. Kwa wafinyanzi waliofundishwa kwamba mkavu na mbichi havishikani, hilo lilikuwa kama kuambiwa mto unapanda mlima.

Katani ni nyuzi za namna hiyo hiyo, ila ndefu na ngumu. Lazima ikatwe vipande vifupi kama ukucha, la sivyo hujisokota kwenye vidole na kuvuta udongo pamoja nayo. Tena udongo wenye nyuzi haukai. Ukihifadhiwa mbichi siku kadhaa kwenye ndoo iliyofunikwa huanza kuoza, na atakayefungua kifuniko atajua kabla hajaona.

Motoni nyuzi huungua zote na kuacha vijitundu. Chombo hutoka chepesi lakini chenye kiu; kinafaa kuwa sanamu, taa au pambo la ukutani, hakifai kuwekewa mchuzi. Mtungi wa maji, kwa upande mwingine, unataka vijitundu kiasi. Maji hupenya polepole mpaka nje, hukauka kwa upepo, na kila tone linalokauka huondoka na joto kidogo. Ndiyo maana maji ya mtungi huwa baridi mchana wa Voi bila umeme. Swali la mfinyanzi ni vijitundu vingapi, na jibu hupatikana kwa kubadili kipimo kimoja kila mara.

Kuna kichanganyio kingine kisichonunuliwa: vigae. Chungu kilichovunjika hutwangwa kikawa unga wenye chenga, kikarudi ndani ya udongo mpya. Kwa kuwa kimekwisha kupita motoni, hakinywei tena, hivyo hupunguza kunywea kwa udongo mzima. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Hawakutaja kwamba gae hilo, mlo ukimalizika, lina kazi nyingine. Siku hizi neno kigae humpeleka mtu kwenye sakafu ya bafu, na mtungi humkumbusha gesi. Maneno yamehamia vitu vipya kwa sababu sufuria na plastiki zilichukua nafasi ya vile vya zamani jikoni. Lakini sanaa ya mkono haikufa pamoja na matumizi hayo.

Joto la Voi, ukungu wa Wundanyi

Voi iko mita zisizofika 600 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake wa kiangazi hukausha nguo kabla mfuaji hajamaliza beseni. Wundanyi iko juu vilimani, ambako asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye mashamba ya mboga. Kati ya miji hii miwili ni safari fupi ya matatu. Kwa mfinyanzi, hizo ni maabara mbili.

Udongo hunywea unapokauka, na hunywea kwanza pale upepo unapopiga: ukingo wa mdomo, masikio, ncha za mapambo. Chombo kilichoachwa uani Voi mchana kinaweza kuwa na mdomo mkavu na kitako kibichi ndani ya saa chache, na pale kavu inapokutana na mbichi ndipo panapopasuka. Dawa yake ni kukifunga kwa karatasi ya plastiki, mdomo kwanza, kuacha tumbo wazi, na kukigeuza. Mfinyanzi wa Wundanyi ana shida ya upande wa pili: chombo kinachoonekana kikavu bado kina maji ndani ya ukuta mnene.

Maji hayo ndiyo adui. Wengi husema chungu hulipuka motoni kwa sababu ya hewa iliyonaswa. Hewa peke yake haina hatia kubwa. Maji yakifika nyuzi 100 huwa mvuke, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ambayo maji yalikuwa nayo. Ukikosa pa kutokea, hupasua. Kwa hiyo wafinyanzi hukitanguliza chungu karibu na moto mdogo, wakikizungusha, kabla ya kukizika kwenye kuni.

Mbinu ya bapa ina mtego wake. Bapa la udongo lililosukumwa kwa chupa, kisha likainuliwa kwa kona moja likiwa bichi, hata likilazwa tena sawasawa hujikunja pale pale wakati wa kukauka au motoni. Vile vibapa vidogo visivyoonekana kwa macho vilikwisha kupangika upya lilipoinuliwa. Wasanii wanaopenda pembe na kuta zilizonyooka huteleza bapa lao juu ya ubao bila kulikunja. Wanaotaka umbo lililojipinda hufanya makusudi kosa hilo hilo.

Kuchoma na kupima

Moto wa wazi wa kuni, nyasi na samadi kwa kawaida hufika kati ya nyuzi 600 na 900. Hilo latosha. Kufikia karibu nyuzi 600 udongo umekwisha kupoteza hata yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake, na kuanzia hapo hauwezi tena kurudi kuwa tope. Njiani kuna kituo kimoja cha hatari: nyuzi 573, ambapo punje za mawe meupe yaliyomo kwenye mchanga hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa hunywea ghafla. Mchanga wa Mto Voi, uliotokana na miamba ya vilima vya Taita, una punje hizo. Anayeutumia hana sababu ya kuuogopa, ila asiwe na haraka ya kufukua majivu.

Jaribio la kwanza kwa mtu wa Voi, basi, halihitaji mtungi. Linahitaji vijiti vinne vya udongo, kila kimoja kimekwaruzwa mstari wa sentimita 10 kikiwa kibichi. Cha kwanza ni udongo mtupu. Cha pili kina mchanga wa mto, cha tatu unga wa vigae, cha nne katani iliyokatwa. Kila kimoja hutiwa mikwaruzo ubavuni, mmoja, miwili, mitatu, minne, kwa desturi ile ile ya alama za Wakamba. Vikaushwe kivulini siku kadhaa, vipimwe. Vichomwe pamoja, vipimwe tena. Mstari ukisoma sentimita 9.2, kijiti kimenywea asilimia 8, na mfinyanzi anajua chungu chake kitapungua kiasi gani kabla hajakifinyanga.

Asubuhi ya pili majivu huwa baridi. Vijiti hutolewa kimoja kimoja, hupanguswa kwa kitambaa, hupangwa juu ya gunia. Penye hewa vimekuwa vyekundu, vilipofunikwa na samadi vimekuwa vyeusi, na kimoja huenda kina rangi zote mbili. Huinuliwa mkononi ili uzito ulinganishwe, kisha kila kimoja huwekewa tone la maji. Juu ya udongo mtupu tone hukaa kidogo kabla ya kuzama. Juu ya kijiti chepesi kuliko vyote hupotea papo hapo, likaacha doa jeusi karibu na mikwaruzo minne.